Mchungaji na Nyumba Yake

Jina la kazi aghalabu huficha ndani yake hoja nzima juu ya kazi yenyewe. Sisi tulio walimu wa lugha twalijua hilo, na ndiyo sababu tumeona vyema kuanza na maneno kabla ya kuwafikia watu. Mtu aliyewekewa mikono ili ahudumie kanisa ana majina kadha wa kadha katika Kiswahili. Wengine humwita kasisi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Wengine humwita padri, neno la Wareno lenye maana ya baba. Na wengi katika makanisa ya Kiprotestanti husema mchungaji, neno letu wenyewe, lililojengwa juu ya kitenzi chunga na kutiwa kiishio cha mtu aliyeizoea kazi. Hapa Kampala Waganda nao wana omusumba, ambalo maana yake ni hiyo hiyo ya mchunga wanyama. Lakini wana jina jingine pia, omwawule, litokanalo na kitenzi okwawula, yaani kutenga. Omwawule ni mtu aliyetengwa.

Basi twauliza: ametengwa na nini? Kanisa hujibu kwamba ametengwa kwa ajili ya kazi ya Mungu. Hilo ni jibu jema. Hata hivyo, kutengwa kwa ajili ya jambo na kutengwa na watu ni mambo mawili yaliyo jirani mno, na mtu aweza kuvuka kutoka la kwanza hadi la pili pasipo kutambua. Swali letu ni hili: mtu aliyejitoa kuwatunza watu wa wengine, ana haki gani ya kuwanyima watu wake mwenyewe utunzaji huo? Twaliuliza kwa ajili ya wachungaji. Lakini mwalimu ambaye kila jioni husahihisha madaftari ya watoto wa watu, huku daftari la mwanawe halijafunguliwa, naye asijidhani yu nje ya mazungumzo haya.

Tunayaandika haya kutoka Nakawa, tarafa iliyo upande wa mashariki wa jiji la Kampala, kando ya barabara kuu iendayo Jinja. Kabla ya kuwekewa mikono tulishika chaki kwa miaka mingi, na Kiswahili ndicho tulichofundisha. Asiyeijua Nakawa yafaa aelezwe kidogo, maana mahali nako hufinyanga kazi. Ndani ya mipaka ya tarafa hii mna gereza kuu la Luzira, hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, kambi ya jeshi ya Mbuya, kambi ya polisi ya Naguru, Chuo Kikuu cha Kyambogo, soko kubwa lenye jina la Nakawa yenyewe, na viwanda vingi. Mitaa ya nyumba za Nakawa na Naguru, ambayo serikali ya kikoloni iliijenga kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, ilikaliwa na watu wa makabila mengi, wakiwemo Waluo na Waluhya kutoka Kenya. Mtaalamu David Parkin aliichunguza mitaa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Nyumba zile zilibomolewa mwaka 2011, lakini desturi zao hazikubomoka pamoja nazo. Hata leo askari wa Mbuya, mlinzi wa Luzira na mchukuzi wa sokoni, kila mmoja akiwa na lugha ya mama yake, hukutana katika Kiswahili. Nasi twawahubiria kwa Kiswahili hicho hicho.

Palipo na gereza, hospitali, kambi na soko, hapakosi mtu wa kumwita mchungaji. Alfajiri mjane hubisha hodi akitaka msaada wa sanda. Asubuhi ni zamu ya wafungwa, adhuhuri ya wagonjwa, alasiri ya mabwana harusi na mabibi harusi wanaotaka kufundishwa, na usiku ni zamu ya matanga. Haya yote ni ya haki. Hatumfahamu mchungaji mwema awezaye kumwambia mfiwa aje kesho. Tena wengi wa wanaume tunaowahubiria ni akina baba wanaokaa mbali na watoto wao, huyu kwa amri ya jeshi, yule kwa kutafuta riziki. Miaka nenda miaka rudi tumekuwa tukiwahimiza wasidhani kwamba fedha zinazopelekwa kijijini zinatosha mahali pa baba. Wametusikiliza kwa heshima, na tumeshuka mimbarani tumeridhika.

Mwaka mmoja mwalimu mwenzetu wa zamani, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika shule aliyosoma binti yetu, alitujia akiwa na daftari mkononi. Wanafunzi walikuwa wameagizwa waandike insha juu ya mzazi mmojawapo. Binti yetu aliandika kwa adabu na kwa sarufi safi, akaisifu kazi yetu. Palikuwa na neno moja tu lililopigiwa mstari kwa wino mwekundu. Aliandika: "Baba huja nyumbani Jumatatu." Mwalimu alilikata neno huja, akaandika juu yake hurudi, kwa kuwa mtu huja kwa wengine, bali kwake hurudi. Alipomrudishia daftari, mtoto alimwuliza kwa upole: "Mwalimu, hata kama hakai?"

"Mchungaji," alituambia mwenzetu, "neno hili nimeshindwa kulisahihisha. Nimekuletea wewe."

Kwanza tulijitetea. Tulisema kwamba twalala nyumbani karibu kila usiku, na Jumatatu ni siku yetu ya mapumziko tu, wala si siku pekee ya kuonekana. Lakini tuliingia watoto wamekwisha lala, na tukatoka kabla hawajaamka. Kwa hesabu ya kitanda tulikuwepo. Kwa hesabu ya mtoto tulikuwa wageni. Na mgeni, hata akipendwa vipi, huandaliwa, huchekewa, wala haambiwi jambo zito. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango wetu ulisifiwa na ushirika mzima.

Tangu siku hiyo tumelitafakari jambo hili, na tungependa kuwashirikisha wasomaji hatua za mawazo yetu.

Katika Agano la Kale mna habari za kuhani Eli. Wahubiri wengi humtaja kwa ajili ya wanawe wawili, Hofni na Finehasi, walioiharibu kazi ya hekalu naye asiwazuie. Lakini mara chache hukumbukwa kwamba Eli huyo huyo ndiye aliyemlea Samweli, mtoto wa watu, na akamlea vizuri. Alimfundisha hata namna ya kuitambua sauti ya Mungu usiku. Kwa hiyo hatuwezi kusema Eli hakujua kulea. Alijua, ila malezi yake mema aliyatoa nje ya nyumba yake. La kusikitisha zaidi ni kwamba Samweli naye, aliyeyaona hayo yote kwa macho yake tangu utoto, alipozeeka wanawe walikuwa wala rushwa, na watu wakakataa kutawaliwa nao. Basi kosa hili si la watu wabaya. Ni kosa la watu wema, na laweza kurithiwa hata na aliyeliona likitendeka. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za askofu, alitaka kwanza aangaliwe jinsi anavyoisimamia nyumba yake. Na neno askofu, tukilifuata nyuma kupitia Kiarabu hadi Kiyunani, maana yake ni mwangalizi. Paulo aliona kwamba anayetaka kuwaangalia walio mbali yafaa awe amekwisha waona walio karibu.

Upande wa pili nao una hoja, wala hatuna ruhusa ya kuupuuza. Yesu alipowaita wavuvi, Yakobo na Yohana walimwacha baba yao chomboni wakamfuata. Katika nchi hii kila mtoto wa shule ya Jumapili hufundishwa habari za Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Mboga, katika nchi ambayo sasa ni Kongo, mwaka 1896, na ambaye hakuwa na mke wala mtoto katika miaka yake ya utumishi. Alikufa huko mwaka 1933, akiwa amewatumikia watu ambao si wa ukoo wake. Mapadri wa Kikatoliki nao huapa kutooa kwa sababu hiyo hiyo, ili pasiwe na nyumba ya kushindana na kanisa. Twawaheshimu wote hao. Lakini mfano wao haututetei sisi tuliooa. Kivebulaya hakumwacha mtu akimngoja mezani. Alitoa kilichokuwa chake. Sisi tulikwisha kula kiapo kingine mbele ya madhabahu ile ile, tena mbele ya mashahidi. Na huyo Yesu aliyemwita Petro aziache nyavu zake ndiye aliyeingia nyumbani mwa Petro akamponya mama mkwe wake.

Yuko mtu mmoja wa huku kwetu ambaye maisha yake hutusaidia kuliona swali hili kwa uwazi zaidi kuliko hoja tupu. Naye ni Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe, akaja kuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alifundisha Dodoma katika Tanganyika pamoja na mkewe Mera. Kiswahili chake kilikuwa cha kusifiwa. Alikuwa mmoja wa watu wa uamsho ulioenea Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930, ambao wafuasi wao Waganda huwaita Balokole, yaani waliookoka. Na moja ya desturi zao ni kuungama makosa waziwazi, mume kwa mke na mke kwa mume.

Kivengere alikuwa akisimulia kisa hiki mwenyewe. Siku moja aligombana na Mera, na wakati wa kwenda kuhubiri ukawa umefika. Akiwa anatoka alisikia moyoni Mungu akimtaka arudi ndani wasali pamoja. Akajibu kwamba muda umebaki mchache, watu wanamngoja, na kwamba atapatana na mkewe baada ya mahubiri. Akasikia akiambiwa kwamba ni vyema, aende akahubiri. Ila Mungu atabaki jikoni na mkewe. Kivengere alirudi, akaomba radhi, kisha ndipo akaenda.

Hatudhani kisa hiki chasema kwamba jiko ni tukufu kuliko mimbari. Mahubiri hayakufutwa, yalicheleweshwa kidogo, basi. Kinachosemwa ni kwamba mahubiri ya mtu aliyeacha ugomvi nyumbani hubaki maneno matupu, hata yakipambwa. Mganga hajigangi, husema watu, nao husema hivyo kama kwamba ni udhuru. Kivengere hakuukubali udhuru huo.

Kama mazungumzo yangeishia hapo, tungeweza kujipa jibu jepesi: nyumba kwanza, kanisa baadaye. Lakini Kivengere huyo huyo alikuwepo katika siku zilizovunja jibu hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe, wakaipekua. Maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa mbele ya serikali. Husimuliwa kwamba Mary, mkewe Luwum, alimsihi asiende. Alikwenda, wala hakurudi. Aliuawa siku hiyo pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Mary na watoto wakakimbilia Kenya. Siku chache baadaye Kivengere naye alikuwa akitafutwa. Yeye na Mera walivuka milima ya Kigezi kwa miguu usiku wakaingia Rwanda, na hawakurejea Uganda mpaka mwaka 1979, utawala wa Amin ulipokwisha anguka.

Mchungaji mmoja alikwenda ingawa mkewe alimsihi. Mwingine alitoroka akiwa na mkewe. Ni yupi aliyekuwa mchungaji wa kweli? Sisi hatuthubutu kuchagua, wala hatudhani wao wenyewe wangetaka tuchague. Luwum asingekwenda, huenda wengine wangeitwa badala yake, na waliokuwa wakionewa wangebaki bila msemaji. Kivengere asingeondoka, kanisa lingekuwa na kaburi la pili, na sauti iliyoueleza ulimwengu mambo ya Uganda ingenyamazishwa. Uganda humkumbuka Luwum kila tarehe 16 Februari, nayo ni siku ya mapumziko ya taifa. Yafaa siku hiyo akumbukwe Mary pia, kwa kuwa yeye naye alitoa, tena alitoa asichotaka kukitoa.

Hapo ndipo tulipofika kwenye kiini cha jambo. Mtu ana haki ya kutoa sadaka kilicho chake. Hana haki ya kutoa cha mwenzake pasipo kumwuliza. Mchungaji anapotoa jioni yake, hutoa pia jioni ya mkewe na jioni ya watoto wake, kwa kuwa jioni ya nyumba haigawanyiki kama mkate. Mke aweza kuulizwa, naye aweza kukubali. Wake wengi wa wachungaji tunaowafahamu wamekubali kwa moyo mkunjufu, wakaibeba nusu ya kazi pasipo mshahara wala cheo. Lakini mara ngapi tumewauliza? Na mtoto je, ambaye hakuwepo tulipowekewa mikono, wala hakutamka neno lolote la kiapo?

Itasemwa kwamba Luwum hakungoja ruhusa. Ni kweli. Zipo saa ambazo wito hauwezi kungoja, na mtu huondoka akijua kwamba anawaumiza awapendao. Lakini saa kama hizo ni chache katika maisha ya mtu, na kwa wengi wetu haziji kabisa. Tulipohesabu kwa uaminifu yale yaliyotutoa nyumbani katika mwezi mmoja, tuliona kwamba machache sana yalikuwa ya uhai na mauti. Mengine yalikuwa vikao ambavyo mzee wa kanisa angeviongoza vizuri kuliko sisi, karamu ambazo tulialikwa kwa ajili ya heshima, na safari ambazo, tukisema kweli, zilitupendeza. Nje tulikuwa tukiitwa Mchungaji na watu wakasimama. Nyumbani tulikuwa tukiitwa baba na tukaombwa daftari la hesabu. Kosa letu, basi, ni kwamba tumezivika safari zetu za kila siku kanzu ya wafia dini. Tumeazima utukufu wa tarehe 16 Februari ili tufunike kikao cha Alhamisi.

Wala asidhani mtu kwamba twataka mchungaji ajifungie ndani na wake. Hilo nalo lingekuwa ubinafsi uliobadili jina. Nyumba isiyomjali mwingine yeyote humfundisha mtoto kwamba ulimwengu unakoma ukutani. Binti yetu aliisifu kazi yetu kwa moyo wa kweli, hakutaka tuiache. Alichotaka ni kitenzi kibadilike.

Tulifanya jambo moja dogo, nasi twalieleza si kwa kujisifu, kwa maana halikuwa rahisi. Tuliketi na mama wa nyumba na watoto, tukawauliza ni jioni ipi wanayoitaka. Walichagua Alhamisi. Tukawaarifu wazee wa kanisa kwamba jioni hiyo, isipokuwa kwa mtu aliye mahututi au aliyefiwa, mwinjilisti ndiye atakayewapokea watu. Haukupita mwezi, mtu mmoja kutoka kambini akaja Alhamisi akiwa na shida ya ndoa yake, akapokewa na mwinjilisti, akaondoka amekasirika. Alitufuata Jumapili akatuambia kwamba mchungaji wa zamani hakuwa na siku ya kufunga mlango. Tulimwomba radhi, tukampa Ijumaa. Hata hivyo maneno yake yalituchoma, na yangali yakituchoma, kwa kuwa huenda Alhamisi ile ndiyo aliyokuwa akituhitaji kweli. Anayetafuta njia isiyomwumiza mtu yeyote hataipata katika kazi hii. Kilichobaki ni kujua unamwumiza nani, na kutomwumiza mtu yule yule kila siku kwa sababu tu yeye halalamiki.

Kwa walimu wenzetu twasema hivi. Kazi yetu na ya mchungaji ni ndugu: zote mbili ni kulea wana wa wengine, na zote mbili husifiwa hadharani. Kwa hiyo hatari yake ni moja. Mwana wa mwalimu na mwana wa mchungaji huona sura yetu ya nje ikiwachekea watu, kisha huiona ikiingia nyumbani imechoka. Yafaa nao wakutane na ile ya kwanza mara mojamoja.

Ama kuhusu lile neno lililopigiwa mstari, mwenzetu mwalimu hakulifuta wala hakulirudisha. Daftari lile tungali nalo, na maneno yote mawili yamo, la wino wa buluu na la wino mwekundu. Binti yetu sasa ni mtu mzima. Hatujamwuliza ni lipi angeliandika leo.